Likizo Makaburini: Mafunzo Niliyopata

Shuleni nilivisoma Vita vya Kwanza vya Dunia kama ugomvi wa Wazungu uliopiganwa kwao, kwenye mahandaki yenye tope. Nilishakuwa mtu mzima ndipo nikajua kwamba vilipiganwa pia Tanga, Taveta, Rufiji na Mahenge, na kwamba kundi la mwisho la Wajerumani kuweka silaha chini lilifanya hivyo Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya amani kutangazwa Ulaya. Tangu hapo likizo zangu zimeharibika, au zimenoga, inategemea unamuuliza nani. Popote tunapokwenda kupumzika nitatafuta kaburi la askari, mnara, au makumbusho yenye bunduki iliyoota kutu, na kumbukumbu za vita vya kabla ya hapo, vya Mkwawa na vya Majimaji, nazo nazifuata. Nimeyaokota haya njiani.

1. Anza na sanamu unayoipita kila siku

Dar es Salaam nzima inaijua Sanamu ya Askari, lakini wengi wetu tunaitumia kuelekezana tu: shuka Posta, vuka barabara, nisubiri kwenye sanamu. Nenda Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache, uizunguke taratibu. Ni ya shaba, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, na ilizinduliwa mwaka 1927. Askari ameishika bunduki yake, singe imeelekea bandarini. Chini kuna maandishi ya Kiingereza na ya Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa mara mbili, kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu. Aliyeyatunga ni Rudyard Kipling.

Yasome mpaka mwisho. Yanawakumbuka askari Waafrika, yanawataja na wapagazi, kisha yanaahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Baada ya hapo zunguka tena ukitafuta jina. Hakuna hata moja.

Lipo na jingine. Waliosimamisha sanamu hii ni Waingereza, walioingia Dar Septemba 1916. Wajerumani walikuwa na yao, ya Hermann von Wissmann, nayo ikang'olewa, ikasafirishwa, na mwishowe ikasimamishwa Hamburg hadi wanafunzi wa chuo kikuu walipoiangusha mwaka 1968. Mzee wa Dar aliyepita mbele ya askari huyu wa shaba mwaka 1927, kama aliwahi kushika bunduki vitani, yawezekana kabisa aliishikia upande wa Mjerumani. Yaani alikuwa anatazama mnara wa waliomshinda. Sijui kama alisimama kusoma.

Nairobi, pale Kenyatta Avenue, kuna sanamu ndugu ya hii. Kule wamesimama watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Dar mpagazi ametajwa kwa maneno tu.

2. Hesabu wenye majina, kisha hesabu wasio nayo

Makaburi yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yana utaratibu wake, na ukishauelewa mahali pamoja unaweza kusoma popote, iwe Taveta, Voi, Moshi au Dar. Nyasi zimekatwa, mawe yamenyooshwa mstari kama gwaride, kanali hana jiwe kubwa kuliko kuruta. Juu kuna nembo ya kikosi, halafu namba, cheo, jina, tarehe, na alama ya dini. Chini kabisa, karibu na udongo, baadhi ya mawe yana mstari mmoja mfupi. Huo ulichaguliwa na familia. Mwisho ulikuwa herufi 66, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa, na mwanzoni familia ilitakiwa kulipia kila herufi. Tangu nijue hilo, nikifika makaburini nachuchumaa. Huko juu ni jeshi linazungumza. Huku chini ni mama wa mtu, alipunguza maneno mpaka yakaenea kwenye jiwe.

Taveta mawe mengi yamechongwa kichwa cha swala, nembo ya Afrika Kusini, na ukizitembeza tarehe kwa kidole utaona zinavyorudiarudia Machi 1916. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 mwezi ule, majeshi ya Jenerali Jan Smuts yalipanda vilima vya Latema na Reata gizani, na vijana waliokuwa wametoka mbali kwa meli na treni wakaishia hapo. Huhitaji mwongozaji akuelezee. Tarehe zinatosha.

Sasa tafuta wapagazi. Waingereza walitumia wapagazi wanaokaribia milioni moja katika vita hivi, na hesabu rasmi ya waliokufa inakaribia 95,000. Risasi iliwaua wachache. Wengi walimalizwa na kuhara damu, malaria, nimonia, na chakula: mtu aliyezoea ndizi anapewa unga wa mahindi, maji hayajachemka, moto hautoshi, kesho yake anabebeshwa mzigo. Kariakoo yetu ilikuwa kambi yao. Vita vilipokwisha, wakubwa waliamua kwamba watu hawa hawahitaji mawe ya kaburi, mnara mmoja wa jumla mjini unatosha, na makaburi yao ya porini yakaachiwa pori.

Hilo si lawama la mitaani. Aprili 2021 Tume yenyewe ilichapisha ripoti ikikiri kwamba marehemu kati ya 45,000 na 54,000, wakiwamo Wahindi na Waafrika, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni mwezi huohuo. Januari 2025 Cape Town ilizindua kumbukumbu ya zaidi ya Waafrika weusi 1,700 wa Afrika Kusini waliokufa wakiwa kwenye kazi zisizo za kupigana, kila mmoja na nguzo yake ya mbao yenye jina lake. Kwa hiyo ukiamua, inawezekana.

Kwenye makaburi ya vita ya Dar, barabara ya kwenda Bagamoyo, nilimkuta mtunza bustani akimwagilia maua. Akaniambia wageni hufika na picha ya babu yao na namba ya kaburi kwenye karatasi, wanakwenda moja kwa moja. Nikamuuliza kama amewahi kumpokea Mtanzania aliyekuja kumtafuta babu yake mpagazi. Akazima maji kwanza. "Huyo atatafuta wapi, mkuu?"

3. Ukiuona mzinga, uliza ulifikaje pale

Fort Jesus, Mombasa, watalii wanatazama bahari na mizinga ya kale ya Wareno na Waarabu. Wachache wanajua kwamba miongoni mwa mizinga iliyomo humo mmoja ni wa karne ya ishirini, na ulitoka kwenye manowari ya Kijerumani Königsberg.

Manowari hiyo iliizamisha meli ya kivita ya Uingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikakimbilia kujificha kwenye delta ya Rufiji. Waingereza waliitafuta, wakaizuia isitoke, na Julai 1915 wakaipiga mpaka mabaharia wake wenyewe wakaizamisha. Lakini mizinga yake kumi ya milimita 105 ilitolewa majini, ikatengenezwa Dar na kufungwa magurudumu, ikaenda kupigana nchi kavu. Hapo ndipo mwongozaji hunyamaza na mimi hupenda kuuliza: nani aliivuta? Rufiji na barabara za wakati ule unazijua, au unaweza kukisia. Tope, mito, mbung'o wanaoua ng'ombe. Iliyoivuta ni mikono ya watu, kamba mabegani, kilima hadi kilima.

Mmoja uko Mombasa, mwingine uko Pretoria. Siku tuliyokuwa Mombasa kijana wangu aliupanda kama farasi, mama yake akamfokea, mimi nikamwacha. Alipoteremka nikamwambia ajaribu kuusukuma. Alisukuma, akacheka, akamwita na dada yake wakasukuma wote. Haukujongea hata unywele. Baada ya hapo hadithi ya wapagazi niliisimulia kwa dakika mbili tu na wakaielewa.

4. Hadithi tamu ichukue, ila usiishie hapo

Ukienda Tanga utaambiwa habari za nyuki kabla hujaketi. Novemba 1914 Waingereza walileta kikosi kutoka India, watu wapatao 8,000, wakashuka kuuteka mji uliokuwa unalindwa na watu wapatao 1,000 chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Walipigwa. Katikati ya mapigano mizinga ya nyuki ilivurugwa na risasi, nyuki wakatoka na kuwashambulia wapiganaji wa pande zote mbili, na baadaye Waingereza wengine wakadai Wajerumani waliwatega makusudi. Mwongozaji mzuri atakuigizia mpaka Mhindi mwenye kilemba anavyojitupa majini. Utacheka. Nami nilicheka.

Ila nyuki hawakuamua vita vya Tanga. Jenerali wa Uingereza, Arthur Aitken, aliwadharau askari Waafrika wa upande wa pili, hakutuma watu wa kupeleleza sawasawa, na meli zake zilitangulia kutoa onyo bandarini, hivyo von Lettow akapata muda wa kuleta askari kwa treni kutoka Moshi. Kilichofuata ndicho kizito zaidi. Waingereza waliondoka wakiacha nyuma mamia ya bunduki, rashasha 16 na risasi 600,000. Silaha hizo ziliwapa Wajerumani nguvu ya kuendelea. Ukifika kwenye makaburi ya Wahindi waliokufa siku zile, kumbuka pia kwamba shehena iliyoachwa ufukweni ilikwenda kuua watu wengine, miaka iliyofuata, mbali na pale.

Upande wa Taveta wana yao: mbuyu wenye matundu ya risasi, unaosemekana kumficha mwanamke wa Kijerumani aliyekuwa akidungua Waingereza mmojammoja. Mbuyu upo, matundu yapo, mwanamke sijamkuta kwenye kitabu chochote. Mimi nauliza habari za Salaita, kilima kilicho jirani. Februari 1916 askari wazungu wa Afrika Kusini, waliokuwa wakiwabeza wenzao Wahindi, walijaribu kukiteka wakarudishwa mbio, na waliosimama kuwakinga na kuwaokolea rashasha waliyoitupa ni Wabaluchi wa jeshi la India. Hiyo haina mbuyu, kwa hiyo haisimuliwi sana.

5. Songea usipite kwa haraka

Kama una likizo moja tu, nenda Songea. Nasema hivyo nikijua ni mbali, na basi litakulaza kiuno.

Makumbusho ya Majimaji yako mjini, na tofauti yake na makaburi ya Waingereza unaiona ukivuka lango. Hapa wengi wamezikwa kaburi moja, na majina yanasomwa kwa sauti. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni, idadi inayotajwa ni 67. Kuna sanamu za viongozi hao. Kaburi la Nduna Songea Mbano limetengwa peke yake, na simulizi za pale zinasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo, akakutana na kizazi cha Nduna, akaomba msamaha na kuahidi kwamba mabaki yatatafutwa.

Nilikwenda nikiwa nimejaa takwimu. Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, makadirio mengine yanafikisha vifo 300,000, na wengi hawakuuawa na risasi. Wajerumani walichoma mashamba na maghala mpaka njaa ikamaliza kazi. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani. Mwongozaji wetu, mzee wa makamo mwenye sauti ya chini, hakunipa takwimu hata moja. Alikwenda kwenye orodha, akaweka kidole kwenye jina, akasema, "Huyu wajukuu zake wako Peramiho." Akashuka. "Huyu ukoo wake uko hapahapa mjini, binti yao ni mwalimu." Akashuka tena. Kwenye jina jingine akaruka bila kusema neno, na nilipomuuliza akajibu kwamba hao hawajajitokeza bado. Bado! Baada ya zaidi ya miaka mia moja, yeye bado anasubiri watu wajitokeze.

Njia ya kurudi Dar inaweza kukupitisha Iringa, nako ingia Kalenga ulione fuvu la Mkwawa ndani ya kioo. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua Julai 1898 ili asishikwe, Wajerumani wakakichukua kichwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliwataka wakirudishe. Kilirudi 1954, baada ya Gavana Edward Twining kukichagua kwenye makumbusho ya Bremen. Lugalo, ambako Wahehe walikiteketeza kikosi cha Emil von Zelewski tarehe 17 Agosti 1891, haiko mbali na barabara kuu. Ila dereva umwambie mapema, la sivyo atakupitisha kwa kasi ya mia.

Pale Songea, na Kalenga pia, vua kofia, na usijipige picha ukitabasamu mbele ya kaburi. Wenye ndugu zao wanaweza kuwa wamesimama nyuma yako.

6. Vita vikubwa havina mnara

Hili sikulipata kwenye makumbusho. Nililipata Dodoma, nikiwa nimekwenda msibani, tumekaa na wazee chini ya turubai tukisubiri chakula. Nikamwamkia mzee aliyekuwa karibu nami, tukaingia kwenye mazungumzo ya umri. Akasema babu yake alizaliwa kabla ya Mtunya. Nikamwomba anieleze.

Majeshi yote mawili yalipita Ugogo. Mjerumani alichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mwingereza alipofika naye akachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Halafu mvua zikakosekana. Kati ya 1917 na 1920 njaa ya Mtunya iliua watu wanaokadiriwa kufika 30,000 katika eneo lililokuwa na watu 150,000 hivi. Mmoja katika kila watano. Tanga, vita ambavyo vimeandikiwa vitabu kwa makabati, vilimuulia Mwingereza watu wasiofika 400.

Nikamuuliza mzee kama kuna mahali pa kwenda kuona, jiwe, mti, chochote. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa mvua inakaa wapi. Akasema watu walifia njiani wakitafuta chakula, sasa jiwe utaliweka wapi? Kisha akaanza kunitajia koo zilizopungua, na koo zilizohamia na hazikurudi, na nani alipokea watoto wa nani. Chakula kilipofika alikuwa hajamaliza. Siku hizi, kabla sijauliza mwenyeji kama kuna makumbusho, nauliza kwanza njaa za kwao zinaitwaje.

7. Panga siku kama mtu mwenye familia

Kwetu makaburi ni asubuhi, mapema, kabla jua halijawa kali, na yasizidi saa mbili. Mchana ni wa wengine: kama ni Tanga ni kuogelea, kama ni Mombasa ni viazi karai, kama ni Moshi ni kumtafuta shangazi. Watoto waache wachague kitu kimoja cha kutazama kwa muda wao wote. Wangu mdogo hupenda kitabu cha wageni, anakisoma kuanzia nyuma, na amewahi kukuta humo mtu aliyeandika kwa kalamu nyekundu kwamba amemleta mama yake mwenye miaka tisini kumwona mjomba.

Uliza ruhusa kabla ya kupiga picha karibu na kambi yoyote, hata kama unapiga mnara. Beba kitambulisho, kiingilio cha raia ni cha chini. Ukitaka Songea ya shamrashamra, nenda siku za mwisho za Februari, wakati wa kumbukumbu, ucheze lizombe na Wangoni, lakini chumba cha kulala kiagize mapema sana. Ukitaka kimya, nenda Juni.

Safari yetu inayofuata ni Kigoma. Mama watoto ndiye aliyependekeza, anataka kuona ziwa. Nimemwambia kuna meli kongwe huko, Liemba, tukaitazame. Sijamwambia kwamba iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipandevipande, kwamba ilianza kazi kama meli ya vita ikiitwa Graf von Götzen, kwamba Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916 na Waingereza wakaiopoa 1924, wala kwamba iliwahi kufungiwa mmoja wa ile mizinga kumi ya Rufiji. Hayo atayasikia tukishafika.